Nitakuwa Mlangoni pa Ndege

Upande wetu wa Kalembe, ukivuka kuingia Walikale, kulikuwa na mahali ambapo ndege ndogo zilishuka barabarani. Vijana walisimamisha pikipiki na kufukuza mbuzi, ndege ikatua palepale kwenye lami, na aliyekuja kumpokea mtu wake alisimama chini ya bawa na kumshika mkono anapotoka. Mimi mwenyewe nilipokea watu hivyo mara nyingi. Kwa hiyo mtoto wa yaya, ndivyo ninavyomwita kaka yangu mkubwa, aliponipigia simu kutoka Kinshasa kwamba baba yake anarudi nyumbani, na kwamba macho yake yamezimika kabisa, nilimjibu bila kufikiri:

“Mwambie asimfuate mtu yeyote. Nitakuwa mlangoni pa ndege. Asubiri sauti yangu tu.”

Maneno hayo ni yangu. Hakuna aliyeniwekea mdomoni.

Uwanja wa ndege wa Goma, ambao leo umefungwa, wakati ule ulikuwa bado unajaa watu. Nilitoka Kalembe kwa pikipiki hadi Masisi, kisha nikapanda basi dogo la kupitia Sake. Mubambiro tulisimamishwa kando ya kambi ya wanajeshi, tukakaa sana bila kujua tunangoja nini. Nilipofika Goma ndege ilikuwa imekwisha kutua. Lakini ipi? Zilikuwa mbili, za makampuni mawili, na mtoto alipotaja jina la kampuni mtandao ulikuwa umekatika. Sasa simu yangu yenyewe ilikuwa imekwisha moto, chaji haikubaki hata kidogo.

Niliingia mlango wa kwanza niliouona. Watu walikuwa wanavua viatu na mikanda, nami nikavua. Mama mmoja mwenye sare akaniomba tiketi.

“Sisafiri, mama. Nimekuja kupokea yaya wangu.”

“Sasa viatu unavua ya nini, papa? Hapa ni kwa wenye kuenda. Wenye kufika wanatokea kule.”

Kule wapi? Nilizunguka jengo viatu vikiwa mkononi. Vijana wa teksi wakanivuta, mmoja huku, mwingine kule. Nikawaambia nataka kufika kwenye ndege.

“Muzee anataka teksi mpaka ku bawa!” mmoja akapaza sauti, na wenzake wakacheka.

Nilifika kwenye uzio wa waya. Ndege zote mbili zilikuwa na ngazi, milango wazi, na hakuna aliyekuwa akishuka. Sikujua kama ameshatoka, au yumo bado, au hakupanda kabisa. Abiria walipita na masanduku yao hadi wakaisha. Nilimuuliza mlinzi ndege ya Kinshasa ni ipi. Akasema zote mbili.

Hapo akili yangu ilisimama. Kwetu milimani, ukimtafuta mtu aliye ng’ambo ya bonde, huanzi kuteremka. Unaweka mikono mdomoni na kuita kwa sauti ndefu, kila ukoo na mwito wake, naye anakujibu kutoka shambani kwake. Sikuwa nimeita hivyo kwa miaka mingi. Nikaita.

Mlinzi akanikamata bega. “Muzee, weye iko na wazimu? Hapa ni ku kiwanja, hapana ku shamba!”

Nikaita tena, bado amenishika. Na kutoka ndani ya jengo, nyuma ya ukuta, mwito wetu ukajibiwa, kwa sauti ya kukwaruza, lakini ya kwetu.

Mlinzi akalegeza mkono. “Njo yeye?”

“Njo yeye.” Ndiye, hakuna mwingine.

Alinipeleka mwenyewe. Yaya alikuwa ameketi kwenye kiti cha magurudumu, ameng’ang’ania nguzo. Mfanyakazi aliyesimama naye alikuwa amechoka kumbembeleza.

“Ku ndege alikatala kushuka mpaka rubani akamuomba,” akaniambia. “Maji anakatala. Choo anakatala. Anasema ndugu yake njo atamutoa.”

Suruali ya yaya ilikuwa imelowa. Nilivua koti langu nikamfunika mapajani, na nilipoinama karibu naye akanigusa uso, taratibu, kama mtu anayetafuta ufa kwenye ukuta.

“Ulisema mulangoni.”

“Nilisema, yaya. Nilikosea. Sikujua hapa kuko namna gani.”

“Mimi nilijua,” akasema. “Nimepanda ndege nyingi, hakuna mwenye kungojewa mulangoni. Nikajiambia, labda Goma imebadilika, juu ya vile mudogo yangu amesema.”

Nikalikaza koti mapajani mwake, nikaanza kukisukuma kiti. Kwenye basi la kurudi nilimketisha karibu yangu. Kila gari liliposimama aliniuliza tumefika wapi. Nilipomwambia, aliinama mbele na kumuuliza swali lilelile mama aliyeketi mbele yetu.