Maji ya Choroko ya Siku ya Tisa

Siku yangu ya kwanza kazini, katika jiko moja la kupikia harusi kule Barking, ng'ambo, mwanzoni mwa miaka ya tisini, Bwana Meneja alinimwagia mezani mafungu matatu akaniuliza ni nini. Nikacheka. Mtu wa Pemba aulizwe choroko? Nikamwonyesha fungu la kijani. Akasema, "Yote matatu ni choroko, mama. Anza upya."

Kweli. Nzima zilikuwa za kijani. Zilizopasuliwa zikiwa bado na maganda yake zilipikwa na mchele zikawa chakula laini cha wagonjwa, Wahindi huita khichdi. Zilizomenywa zilikuwa za manjano, hizo ndizo za dali, ule mchuzi mzito, na humaliziwa kwa bizari nyembamba iliyokaangwa katika samli. Mimi niliyezoea kuzitia tui la nazi, basi, nilichanganyikiwa wiki nzima.

Kisha kuna kuotesha: unaloweka, unachuja, unafunga katika kitambaa chenye unyevu mpaka zitoe vimkia. Meneja, Mhindi wa Tanga, alizila hizo kila mchana kwa ndimu, amesimama. Lakini kwa oda za Wajaini, Wahindi ambao dini yao inawakataza kuua chochote chenye uhai, alinionya, "Hawa usiwapelekee zilizoota. Kwao zina uhai, kuzila ni dhambi." Leo peleka, kesho usipeleke. Nikaona hii si kazi ya mpishi, ni kazi ya kadhi.

Mama yake Meneja, ambaye sote tulimwita Ba, yaani mama kwa lugha yao, aliishi ghorofa ya juu. Mwaka mmoja alifunga siku nane kwa maji ya kuchemsha tu. Mimi ambaye hata Ramadhani nafuturu kila magharibi nilimwonea huruma mno. Asubuhi ya tisa alitakiwa afungue kwa maji ya choroko, yaani choroko zilizochemshwa zikachujwa. Nikaona mtu aliyedhoofika vile apewe zenye nguvu, nikachemsha zilizoota. Haikunipitikia kuwa Ba ni Mjaini. Mwanawe si alikuwa akizila kila siku?

Nilipeleka bakuli mwenyewe. Meneja alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha mama yake. Ba akalipokea, akatabasamu.

"Huyu mwanangu anakula kila kitu. Mimi hata choroko iliyoota sijaigusa maisha yangu yote."

Nikamtazama Meneja. Alielewa papo hapo, akanitikisia kichwa ninyamaze. Maji yalikuwa safi, hayana hata kimkia kimoja. Nani angejua? Nami kazi niliitaka.

"Ba, usinywe," nikasema. "Zilikuwa zimeota."

Akaliweka chini. "Pika nyingine, binti. Nitangoja."

Meneja alinifuata jikoni. "Mama ana miaka themanini! Ungenyamaza, sasa hivi angekuwa ameshakunywa."

"Na dhambi?"

"Ingekuwa yangu!"

Naye niliona ana haki, nikabandika sufuria nyingine. Choroko kavu hazina haraka. Nilisimama mbele ya sufuria nikilia, sijui namlilia nani.

Nilipopanda tena Ba alikunywa polepole mpaka mwisho, kisha akanishika mkono. "Siku nane nilifunga kwa ajili ya nafsi yangu. Saa hii moja nimefunga kwa ajili yako."

Kazi sikufukuzwa. Nilikaa pale mpaka nikastaafu, nikafundisha vijana wengi kuchambua, kuloweka na kuchuja. Ila neno lile la Ba sijapata namna ya kumweleza mtu. Kama alinishukuru au alinilaumu, mpaka leo sijui, na miaka yote aliyoishi baadaye niliona haya kumuuliza.