Mjane wa Kitabuni

Mume wangu alifia mezani, Jumamosi asubuhi, katika nyumba tuliyokuwa tumepanga karibu na Dagoretti Corner. Nilikuwa nimempa mgongo, napika chapati. Alionja chai akasema, "Leo umesahau tangawizi." Nikamwambia nitatia kwenye kikombe cha pili. Kisha nikasikia kiti kikiburuzwa sakafuni. Nilidhani ameinuka kuja kujichukulia mwenyewe. Nikageuza chapati iliyokuwa kwenye moto, nikaipaka mafuta, ndipo nikatazama nyuma. Alikuwa chini.

Hospitalini walisema ni moyo. Daktari alimweleza mama mkwe wangu taratibu, kwa Kiswahili, na mimi nikiwa nimesimama kando nimeshika viatu vya mume wangu kwenye mfuko wa plastiki.

Sikulia. Si kwamba nilijikaza, machozi hayakuja. Siku ya mazishi, nyumbani kwao Uthiru, wanawake wawili walinishika mikono wakingoja nianguke. Nilisimama tu. Nakumbuka nilikuwa nafikiria kwamba mmoja wao ana kucha ndefu. Mama mkwe ndiye aliyelia, akalia mpaka sauti ikakauka. Mama huyo alinipenda. Katika miaka yote ya ndoa yetu hatukupata mtoto, na hakuwahi kunitupia neno.

Baada ya mazishi, rafiki yangu tuliyesoma naye chuoni alihamia kwangu ili nisikae peke yangu. Ni mwandishi. Wakati huo alikuwa ametoa kitabu kimoja cha hadithi fupi, na wachache walikuwa wamekisoma. Alikaa miezi miwili. Alipika, akafua, akalipia hata maji. Mimi ni mpokezi wa wagonjwa katika kliniki ya meno kule Westlands, na kila jioni nikirudi nilimkuta ameshaandaa chakula. Tukila, aliniuliza maswali. Wengine wote waliniuliza naendeleaje. Yeye aliniuliza mume wangu alikuwa amevaa nini. Aliniuliza jiko lilikuwa la upande gani, na mlio wa kiti ulikuwaje. Nilimjibu kila kitu. Kusema hakukuniuma, na hata sasa sijui kama kulinisaidia. Habari ya ile chapati niliyoigeuza kabla sijatazama nyuma sikumwambia mtu mwingine duniani.

Halafu alirudi kwake, tukawa tunapigiana simu, kisha simu zikapungua.

Miaka miwili baadaye alinialika kwenye uzinduzi wa riwaya yake, katika ukumbi mmoja wa ghorofani katikati ya jiji. Nilikwenda moja kwa moja kutoka kazini. Nilimkuta amependeza, amesukwa nywele vizuri, watu wanapiga naye picha. Alipoanza kusoma, alisoma juu ya mwanamke aliye jikoni, amempa mumewe mgongo. Mume amevaa sweta ya kijani iliyofumwa na mama yake, yenye kifundo kimoja kilichokosewa mkononi. Mume anaonja chai, anasema leo umesahau tangawizi. Mwanamke hajasahau. Ametia kitu kingine. Kiti kinaburuzwa, na mwanamke anageuza chapati, anaipaka mafuta polepole, akingoja kimya kiingie.

Watu wakapiga makofi. Na mimi nilipiga makofi. Nilikula sambusa moja, nikashuka ngazi, nikaenda nyumbani nikalala.

Kitabu kilipendwa. Wifi yangu, dada ya mume wangu, alikiona dukani mjini, akakinunua kwa sababu alimkumbuka mwandishi. Huyo mwandishi ndiye aliyeshinda nasi jikoni siku za matanga. Mama yake haoni vizuri, kwa hiyo akawa anamsomea jioni, sura moja moja. Hakujua ndani kuna nini mpaka walipofika pale.

Mama mkwe alinipigia simu. Akasema, "Njoo."

Nilimkuta ameketi sebuleni peke yake. Hakuniletea chai.

"Mwanangu," akasema, "nitakuuliza mara moja tu. Kijana wangu alikufa na nini?"

"Moyo, mama. Daktari alikuambia. Ulikuwepo."

"Nilikuwa hospitali. Jikoni sikuwa."

"Mama, hiyo ni hadithi. Ni kitu cha kutunga."

"Sweta nimeifuma na hii mikono. Imetungwa?"

"Hapana."

"Tangawizi?"

"Alisema hivyo, ni kweli."

"Na chapati?"

Nikamwambia ni kweli niliigeuza.

Akakunjakunja ncha ya leso yake. "Sasa niambie," akasema, "uongo ni gani?"

Nilijua jibu, nikalitoa, kwamba uongo ni kile kitu cha kwenye chai, na nilipolisikia likitoka lilikuwa na sauti ileile ninayotumia kliniki kuwaambia watu daktari amechelewa. Nadhani hilo ndilo lililomtisha.

Wiki iliyofuata nilimwomba rafiki yangu tuonane saa ya chakula cha mchana. Alikuja kwenye mkahawa ulio karibu na kliniki, akanikumbatia.

"Kwanza pole kama uliumia," akasema.

"Mbona ulinifanya muuaji?"

"Si wewe, bana. Ni mhusika tu."

"Ana sweta ya mume wangu."

"Sikia. Mtu akifa tu na moyo, hapo hakuna riwaya. Ningeandika nini?"

"Alikufa tu na moyo."

"Najua," akasema. "Najua, my dear." Akanishika mkono. Niliuangalia mkono wake juu ya wangu.

Nilimwambia sitaki kugombana, wala sitaki wakili. Nataka twende Uthiru aseme mwenyewe, kwa mdomo wake, kwamba alitunga. Nilifikiri atakataa. Alikubali palepale, na Jumapili baada ya kanisa alikuja, na mkate na maziwa kama mgeni anavyostahili.

Alizungumza vizuri sana. Alimweleza mama kwamba mwandishi huokota vitu vya kweli akajengea nyumba ya uongo, kwamba mwanamke wa kitabuni hayupo, kwamba mimi nilimpenda mume wangu. Wifi alikuwa anaitikia kwa kichwa. Mama mkwe alimsikiliza mpaka mwisho.

"Asante," akasema. "Wewe ulikaa na yeye miezi miwili. Mlilala nyumba moja."

"Ndiyo, mama."

"Hiyo wazo ya kumpea sumu, ulitoa wapi?"

Rafiki yangu alinitazama, na nikaona hakusudii kuniumiza. Anatafuta tu ukweli, kama kawaida yake.

"Ilikuja tu, mama," akasema. "Alikuwa halii."

Nje kuku walikuwa wanachakura. Wifi alisimama, akakusanya vikombe ambavyo bado vilikuwa na chai. Huo ndio ulikuwa wakati wangu wa kulia, kama ningekuwa na machozi. Nilijaribu, kwa kweli. Nilifikiria kaburi lililo nyuma ya nyumba hiyo, nikafikiria uso wa mume wangu. Hakuna kitu. Niliketi pale macho makavu, watatu wote wakinitazama.

Mama mkwe hakunifukuza. Aliniambia ananiamini, na nadhani anataka kuniamini. Huwa ananipigia simu ananiuliza kama nimekula. Mwaka jana alikuja kwangu mara moja, akakaa mchana kutwa, akasema amefunga. Kitabu bado kinauzwa. Rafiki yangu hunitumia salamu za sikukuu, nami humjibu, kwa sababu kutojibu kungehitaji niwe na hasira.

Mwezi uliopita tulifanya maombi ya kumkumbuka mume wangu. Nilifika Uthiru mapema, nikavua koti, nikajifunga leso, nikaingia jikoni kama nilivyofanya miaka yote. Wifi alikuwa anakata kabeji, majirani wawili wanamenya viazi. Waliacha kuzungumza. Mama mkwe akaja mlangoni akiushika ukuta.

"Mwanangu," akasema kwa upole, "kupika wako wengi. Wewe utaosha vyombo."

Nikasema sawa, mama. Nikatoka nyuma kwenye karai, nikaketi kwenye kigoda nikingoja watu wamalize kula.