Madumu Mawili ya Ndoana

Nilihamishiwa zahanati moja ya Mang'ola mwaka ambao mvua zilizidi na Ziwa Eyasi likajaa. Nilikuwa nesi wa miaka arobaini na sita, sijaolewa, sina mtoto. Nilipanga chumba kwa mama mmoja wa Kiiraqw, mkulima wa vitunguu, mtu wa maneno machache. Alinitendea wema, ila samaki hali. Siku ya kwanza nilipokaanga perege barazani, aliniomba kwa upole nihamishie jiko nyuma ya banda la mbuzi. Nikawa nakula huko huko, nimekalia ndoo.

Mimi ni mzaliwa wa Ukerewe. Baba alinifundisha kuvua kwa mshipi nikiwa nimesimama ufukweni, bila mtumbwi. Kwa hiyo kila Jumapili baada ya ibada nilipanda bodaboda hadi ziwani, nikatembea peke yangu mpaka pale maji ya chemchemi yanapoingia ziwani, maana kambare hupapenda. Mchana upepo ulisukuma vimawimbi hadi miguuni. Nikifumba macho nilikuwa kwetu.

Shida ilikuwa vifaa. Ndoana nilizifunga kwenye leso, na kwa magadi ya maji yale zilishika kutu ndani ya wiki. Moja ilinizama kidoleni, nikaichomoa na kujifunga bandeji mwenyewe. Nyungunyungu wa chambo niliwabeba kwenye kopo la maziwa, nikifika wameshakufa. Mwanzoni nililaumu jua. Mama mwenye nyumba ndiye aliyenieleza kwamba udongo niliochota ulitoka kwenye shamba lililopuliziwa dawa.

Nilipopeleka ripoti Karatu, nilipitia duka la vifaa kununua mshipi mpya. Muuzaji akauvuta kwa mikono miwili kunionyesha haukatiki.

"Mwambie mzee huu atakaa nao sana," akasema.

"Nitamwambia," nikajibu.

Njia nzima ya kurudi nilijiuliza kwa nini sikusema ni wangu.

Jumamosi ile nikaamua kutengeneza kasha. Nilichukua dumu la mafuta ya kula la lita kumi, nikalilaza, nikapasha kisu moto na kukata ubavu wake pande tatu ili ufunguke kama mlango. Kwa kuufungia nilitumia mpira wa baiskeli. Ndani nilishona soli ya ndala kuukuu kwa waya, nikachomeka humo ndoana zenye mishipi tayari. Ndoana nyingine niliziweka kwenye vikopo vitupu vya vidonge kutoka zahanati, kila kimoja na kitambaa kilicholowa mafuta kidogo kuzuia kutu. Nyungunyungu niliwapa chungu kidogo chenye udongo wa chini ya migomba, nikakivika gunia bichi.

Kazi ilipoisha nikaona kwenye kikopo kimoja sijabandua karatasi ya maelekezo. Ndoana zangu zilitakiwa kumezwa moja kutwa mara tatu baada ya chakula. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kisha nikatazama huku na huku, hapakuwa na wa kumsimulia.

Jumapili iliyofuata mvuvi mmoja mzee alinijia kutoka kambi ya wavuvi iliyokuwa mbele kidogo. Alikuwa amenitazama nikirusha mshipi. Akaniuliza kama mimi ni mtu wa visiwani, na kabla sijamaliza kujibu akanisalimu kwa Kikerewe. Nilikuwa sijaisikia lugha ile uso kwa uso miezi minane. Machozi yalinitoka, nikasingizia upepo. Aliinama akalikagua dumu langu, akafungua na kufunga, akanusa udongo wa chungu.

"Nani kakutengenezea?"

"Mwenyewe."

"Basi nitengenezee na mimi, mwanangu."

Wiki ile nilitoka kazini nikiwa na haraka ya kufika nyumbani, jambo ambalo sikulizoea. Dumu lake nililikata kwa uangalifu zaidi kuliko langu, nikaliwekea soli mbili. Mama mwenye nyumba alisimama mlangoni akitazama, akauliza la nani. Nikamwambia ni la ndugu yangu.

Sikuenda Jumapili ile, zamu ilinishika, wala iliyofuata. Nilipokwenda ya tatu, maji yalikuwa yamerudi nyuma sana na kambi haikuwepo. Palibaki majivu, magamba na vijiti vya kuanikia samaki. Mchunga mbuzi mmoja aliniambia wavuvi walipakia vitu vyao kwenye lori la vitunguu siku nyingi zilizopita. Wapi, hakujua. Nilivua hadi alasiri bila kupata kitu, nikarudi na madumu yote mawili, mwenye bodaboda akilalamika kwamba yanamgonga mgongoni.

Mvua zilizofuata ziwa lilirudi, na wavuvi pia, ila wengine. Nilikwenda kuwauliza juu ya mzee wa Ukerewe. Wakaniuliza jina lake. Nikagundua sikuwahi kumwuliza, naye hakuniuliza langu. Nikawashukuru, nikasogea pembeni kidogo, nikatia chambo kwenye ndoana na kurusha mshipi.