Pakiti Zilizorudi Zimejaa

Kama kuna mtu Yeoville, mtaa wa wahamiaji jijini Johannesburg, anayejua majirani zake wanakula nini, ni Gaudiose. Si kwa umbeya, ingawa wapo wanaosema hivyo. Ndiyo kazi yake. Kampuni za unga, za mafuta na za maharage ya kopo zikitaka kujua kwa nini wahamiaji hawanunui bidhaa zao, huilipa ofisi moja ya utafiti wa soko kule Sandton, na ofisi humtuma Gaudiose akabishe hodi. Mnapika nini jioni? Mnanunua wapi? Pakiti ipi inakuvutia, nyekundu au kijani? Huuliza kwa Kiswahili, kwa Kirundi na kwa Kifaransa. Akienda kwenye spaza, viduka vya uchochoroni vya Soweto, huuliza kwa Kizulu alichookota sokoni, Kizulu ambacho wenyewe hukicheka kwanza ndipo wakamjibu.

Mwanamke huyu wa Rumonge, Burundi, ana jambo moja analolitaka, na amelitaka kwa miaka: kuwa kiongozi wa wahoji. Kiongozi ana kiti chake ofisini na mkataba wa kudumu, na hapandi ngazi za maghorofa yasiyo na lifti. Magoti ya Gaudiose yameanza kulalamika. Nafasi ilipotangazwa alijua ni yake, kama mtu anavyojua sufuria yake mwenyewe.

Basi akafanya kosa la wema. Kiwanda kimoja kilitaka kuwauzia Wakongo na Warundi unga wa muhogo, na ofisi ikahitaji mhoji Mkongo. Gaudiose akampeleka Hélène, msusi wake, msichana wa Uvira mwenye vidole vyepesi na kicheko cha karibu. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni huyu alipokuja, mwenyeji aliugua.

Kazi yenyewe ilikuwa rahisi. Kila nyumba inapewa pakiti ya unga, pakiti nene yenye mdomo wa kubana na kufungua. Wiki ikipita, mhoji anarudi kuuliza maswali na kuichukua pakiti, kiwanda kione kama watu waliifungua kwa mdomo wake au waliichana kwa kisu. Gaudiose alisimama mlangoni, akauliza, akaandika kwenye simu, akachukua pakiti zake tupu, akaenda zake. Unga uko vipi? Mzuri. Pakiti je? Nzuri. Na harufu? Nzuri. Alijua fika kwamba watu wanamdanganya kwa adabu, maana nani atamtukania mgeni chakula alicholeta? Lakini jibu ni jibu.

Pakiti za Hélène zilirudi zimejaa. Moja ina karanga, nyingine maharage, nyingine ndagala, yaani dagaa, wakavu walionukisha ofisi nzima ya Sandton. Wenye nyumba hawakuelewa kabisa habari za kiwanda. Walichoelewa ni kwamba binti wa watu alikuja na unga mkononi, akaketi, akala nao, na sasa anataka chombo chake. Chombo cha mgeni hakirudishwi kitupu, awe anatoka Uvira au Bujumbura.

"Yaya Gaudiose, bamama banakataa kabisa niende mikono mitupu," alijitetea Hélène, ambaye kwao yaya ni dada mkubwa, akificha mfuko chini ya meza. "Minawaambia ni ya kazi, banacheka tu. Kamata ndagala kidogo, upikie batoto."

Gaudiose alikataa ndagala. Roho ilimuuma, na tuseme wazi ilimuuma wapi. Warundi wenzake, watu anaosali nao Jumapili, walikuwa wamemrudishia pakiti tupu, tena nyingine zimekunjwa kama takataka. Walijua mila kama anavyoijua yeye. Kwao alikuwa mtu wa kampuni. Hélène, aliyeianza kazi juzi, alikuwa mgeni.

Tena kulikuwa na majibu. Bwana Khatibu, Mkenya wa Mombasa aliyesimamia kazi hiyo, aliyasoma kwa sauti kama anayesoma kadi ya harusi ya dada yake. "Sikilizeni hili: unga unanuka plastiki usipouanika kwanza. Hakuna aliyetuambia hili ila watu wa Hélène! Hongera, dada." Gaudiose alipiga makofi na wengine. Viganja vilicheka, yeye hakucheka. Usiku na mchana akawa anamwona Hélène kwenye kile kiti, kiti chake yeye, akizunguka nacho kama mtoto.

Ofisi ile ilikuwa na sheria moja kubwa: mhoji hapokei kitu kwa anayemhoji. Hélène aliisaini kama wote, akaisahau kama wengi. Siku moja Hélène alipokwenda kunawa mikono, Gaudiose aliinama, akaufungua ule mfuko chini ya meza, akapiga picha ndagala, karanga na maharage, akamtumia Khatibu. Hakuandika neno. Mwenye roho ya korosho haandiki, anaacha picha iseme.

Khatibu alisikitika kweli, lakini hakuyumba. "Nikilifumbia macho hili, mteja atasema tumenunua majibu," alimwambia Hélène. Hélène hakubisha. Alifunga mkoba wake, akamuaga kila mtu kwa jina, na kazi ikaisha hivyo, unga umemwagika. Wiki ile ile Gaudiose akapewa uongozi kwa majaribio. Kazi yake ya kwanza: kurudi kwenye nyumba zote za Hélène na kuuliza maswali upya, kwa kuwa majibu ya mwanzo yamefutwa. Yakija mazuri, mkataba unasainiwa. Yakija ya nzuri-nzuri, Khatibu alisema kwa upole, itabidi wafikirie tena.

Alianzia kwa Zuhura, fundi cherehani, Mrundi wa Buyenzi kule Bujumbura, ambaye Hélène alimsifu kila siku. Njia nzima, kutoka kwenye taa za barabarani za kona, robot kwa wenyeji, hadi ghorofa ya tatu, Gaudiose alijiandaa kutukanwa. Alikuwa tayari na majibu yake: sheria si yangu, mimi natumwa tu.

Mlango ulifunguka kabla hajabisha mara ya pili. "Karibu, mama. Ingia ndani, usisimame mlangoni kama polisi."

Aliketishwa kwenye kochi, vitambaa vya wateja vikasogezwa. Chai ya tangawizi ikaja na chapati ya moto. Zuhura akajibu kila swali bila kuulizwa mara mbili: unga unanuka, maandishi ni madogo, picha ya mama aliyevaa kofia ya mpishi inachekesha, nani anasonga ugali na kofia? Ule mdomo wa kubana ni mzuri, lakini mikono yenye unga haiwezi kuubana. Gaudiose aliandika mpaka kidole gumba kikamuuma. Furaha ilianza kumpanda. Kumbe! Kumbe hata yeye akiketi watu humfungukia. Kumbe Hélène hakuwa na uchawi wowote, alikuwa na kochi tu.

Aliona aonje ushindi wake. "Dada Zuhura, mbona Warundi wenzetu hawakunijibu hivi zamani? Nasali kanisa jirani na msikiti wako miaka yote hii, hujawahi hata kuniita ndani."

Zuhura alikata uzi kwa meno. "Hélène alipita hapa Jumapili. Kapita nyumba zote. Katuomba tukupokee vizuri na tukwambie kweli, usije ukapata taabu kwa huyo Mkenya wenu. Kasema wewe ndiwe uliyemtoa saluni ukamtafutia kazi."

Gaudiose aliiweka simu kando. "Na anajua nani aliyepiga picha?"

"Pale mezani si mlikuwa wawili tu? Anajua, mama. Tunajua wote."

Hapo mtu mwingine angelia, na msimuliaji mwingine angemliza. Gaudiose hakulia. Kilichompata alikijua vizuri, alikuwa amekaa nacho wiki nyingi: ni kile kile kijicho, sasa kimenona. Kazi alimpokonya Hélène, kiti alimpokonya, na bado msichana yule amemtangulia hata hapa, ndani ya nyumba hii, hata katika kusamehe. Sasa alikuwa amemwachia nini cha kumshinda nacho?

Aliitazama meza ndogo mbele yake. "Na hii chai?" aliuliza.

"Hiyo nayo aliomba," alisema Zuhura, akarudi kwenye cherehani yake.

Gaudiose aliinywa mpaka chini. Ilikuwa tamu, na hilo ndilo lililomuudhi kuliko yote.