Dishi Imenikamata Suruali

Hapa Tetu mnaambiana hii story vibaya. Mimi sikulia!

Leo saa nane, jua ya kukaanga mayai kwa mabati, nimepanda juu ya nyumba kutengeneza dishi yangu ya TV, ile inajizungusha na mota. Fundi wa nini? Fundi ni mimi.

Bibi yangu akafinya rimoti huko ndani. Dishi ikageuka, ikabana suruali yangu kwa nguzo.

"Rudisha!"

"Usiguse, Baba Wanjiku! Picha imekuja safi, mama anaona misa!"

Mama ni mama mkwe wangu.

Na ngazi iko kwa dirisha yake. Ati nishuke bila suruali?

Nikaungua pole pole mpaka padre akabariki watu.

Sawa, hiyo ya kubariki nimeongeza. Hata mahubiri haikuwa imeanza, nikaacha suruali kwa nguzo, nikapita kwa dirisha yake na soksi tu.

Haya, chekeni.