Mfupa Unaogonga Kifuani mwa Namuria

Jumanne, Machi 11, 2025. Lodwar imeamka na upepo wa vumbi, na jua ni kali kabla ya saa mbili. Kwenye kivuli cha ukuta wa kanisa, Namuria anasuka kikapu kwa majani ya mkoma, kati ya wasukaji wenzake. Anavuta jani, anasimama, anakandamiza kifua kwa kiganja.

"Hii mfupa inatembea," anasema. "Nikikohoa, inagonga."

Mwaka jana madaktari walimpasua kifua wakambadilishia vali ya moyo. Moyo unapiga vizuri, ashukuriwe Mungu. Lakini mfupa wa kifua, uliopasuliwa kati ili moyo ufikiwe, ulifungwa kwa waya. Waya umeukata "kama uzi unavyokata sabuni", daktari alimwambia. Sasa anahitaji bamba na skrubu. Bima imekataa mara mbili: waya unatosha.

Unamtosha nani?

Hata shanga za shingoni amezivua, zinamlemea kidonda. Kwa Waturkana, mwanamke asiye na shanga ni mgonjwa au amefiwa.

"Juzi mzee mmoja alimpa pole ya kifo changu," anasema mumewe, Erupe, "na mimi nimesimama hapo!"

"Ungelala chini," Namuria anamjibu. "Angetuletea mbuzi ya matanga."

Leo ofisa wa bima, Lotiir, amekuja kanisani kuhimiza watu wajisajili. Namuria anamuuliza kuhusu bamba. Anajibiwa kwa Kiingereza.

Élisabeth, Mkongomani wa kambi ya wakimbizi ya Kakuma anayenunua vikapu vya Namuria, anamwekea Namuria kiganja kifuani. "Kohoa, dada."

Namuria anakohoa. Élisabeth anauondoa mkono kama aliyeungua, anamgeukia Lotiir. "Bwana, inatikisika! Munafungia moyo na mulango ya kuvunjika?"

Daktari ameonya kwamba mfupa ukiendelea kusuguana, usaha unaweza kufika moyoni. Mungu aliuweka mfupa huo uwe ngao. Nani aliipa ofisi ruhusa ya kuiacha ngao imepasuka?

Lotiir ananong'ona tena kwa Kiingereza.

"Kiswahili, mwanangu," Namuria anasema. "Na usimame, wote wasikie."

Lotiir anasimama mbele ya mchungaji wa kanisa na wasukaji wote.

"Mama, ombi lako nitalipeleka leo, mimi mwenyewe. Wakubwa wangu wakikataa, nitarudi hapa hapa niwaambie aliyekataa ni nani. Kwa jina lake."