Somo la Bi Samahani

Wanafunzi wa uuguzi walimpachika jina la Bi Samahani, likamganda. Kwa miaka kumi na tisa aliwafundisha namna ya kumkatiza mtu anayesema bila kumvunjia heshima: inua kidole, subiri msemaji avute pumzi, ndipo useme, "Samahani, naomba nikukate kalima." Aliyemdakia mwenzake alipata sifuri, hata angelia machozi ya damu.

Siku gego la kulia lilipomshinda, alikwenda kwa daktari wa meno akijikokota, maana sindano aliiogopa kuliko nyoka. Kando ya kiti alimkuta mwanafunzi wake bora, yuko kwenye mafunzo ya vitendo, ameshika faili. Moyo ukamtulia kidogo.

Daktari alikuwa mtu mwema, ila mdomo wake haukuwa na breki. Alisimulia ujenzi wa nyumba yake tangu msingi, huku akichoma sindano ya ganzi upande wa kushoto. Bi Samahani aliona. Alitaka kusema, lakini akangoja kwanza habari ya mafundi iishe. Haikuisha. Mara ulimi ukafa ganzi, na mpira ukawekwa kati ya meno ili asifumbe mdomo.

Hapo hofu ikamvaa mzimamzima. Akaguna, akapunga mkono.

"Tulia, mama, ni woga tu," daktari alimwambia, akarudi kwenye habari ya mabati ya nyumba yake.

Bi Samahani akamgeuzia macho mwanafunzi. Binti alitazama faili, akatazama picha ya eksirei iliyobandikwa kinyume ukutani, akatazama koleo. Uso ukamsawijika. Alikuwa ameelewa, na alikuwa ameinua kidole, wima kabisa, akingoja daktari avute pumzi.

Mchimba kisima huingia mwenyewe, aliwaza Bi Samahani, na jasho likamtiririka mgongoni. Alisikia chuma kikilishika jino zima la kushoto. Laiti angeweza kumpa yule binti ruhusa ya kukosa adabu, mara moja tu.

"Daktari, acha. Ni la kulia," binti alidakia.

Daktari alilitoa koleo mdomoni. Aliiendea picha, akaigeuza, kisha akaketi.

Binti aliinama kwenye kiti, machozi yakimlengalenga. "Nisamehe, mwalimu," alinong'ona. "Sikusubiri."

 Bi Samahani aliushika mkono wa binti, kidole kingali kimenyooka, akakikunja taratibu ndani ya kiganja chake.